Mama Aliyesikilizwa: Sheria ya Wayahudi, Afya ya Akili na Uamuzi wa Kuzuia Mimba

Amri ya kwanza anayopewa binadamu katika Torati ni kuzaa na kuijaza dunia. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba sheria ya Wayahudi, wanayoiita halakha, inamtaka mwanamke azae mpaka mwili wake ukome wenyewe, na kwamba rabi wa leo anayemruhusu mama mwenye sonona ameze vidonge vya majira ameilegeza dini kwa kuwaogopa madaktari. Historia yenyewe inasema vingine. Ruhusa hiyo ina mizizi katika maandiko ya miaka 1,800 hivi iliyopita, na marabi walioitoa katika karne ya 20 walikuwa miongoni mwa washika dini wa dhati kabisa wa kizazi chao. Walichofanya ni kuzifuata hoja tatu za kale mpaka mwisho wake: kwamba uhai hutangulia karibu kila amri, kwamba hofu na mateso ya akili vinaweza kuua, na kwamba mgonjwa ni shahidi wa hali yake mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba mlango ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichobadilika zama hadi zama ni idadi ya wanawake walioweza kuufikia, na hilo lilitegemea kama yupo mtu wa kuwasikiliza na kuwasadiki.

Mkusanyo wa sheria uitwao Mishna, uliokamilishwa Galilaya karibu na mwaka 200 chini ya Rabi Yehuda ha-Nasi, haukuiacha amri ya kuzaa bila kipimo. Uliuliza mtu huhesabiwa ametimiza wajibu wake akiwa na watoto wangapi. Wafuasi wa Shammai walisema wawili wa kiume. Wafuasi wa Hillel walisema mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kauli yao ndiyo iliyoshika. Marabi wa baadaye waliongeza kwamba haifai mtu akomee hapo, wakitegemea maneno ya Isaya na ya Mhubiri, lakini nyongeza hiyo ina uzito mdogo kuliko amri yenyewe. Uamuzi mwingine wa Mishna ulikuwa mkubwa zaidi: wajibu wa kuzaa uliwekwa juu ya mwanamume. Rabi Yohanan ben Beroka alipinga, akashikilia kwamba maneno ya kitabu cha Mwanzo waliambiwa wote wawili, ila wengi hawakumfuata. Kwa nini mwanamke, ambaye bila yeye hakuna mtoto, awe nje ya amri? Marabi walitoa majibu mbalimbali, na lenye nguvu zaidi lilikuja karne nyingi baadaye kwa Rabi Meir Simcha wa Dvinsk (1843–1926), mji ulio katika Latvia ya leo. Alisema Torati, ambayo njia zake ni za upole, haiwezi kumwamuru mtu ajitie katika uchungu na hatari ya kifo. Kuzaa ni uchungu na hatari, hivyo mwanamke hakuamriwa kuzaa. Aliachiwa hamu yake ya asili ya kupata mtoto. Kwa maneno mengine, sheria ilikwisha kutambua kwamba gharama ya uzazi iko mwilini mwa mwanamke, na haikutaka kumtoza kwa nguvu.

Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kisa kinachoonyesha msingi huo ukifanya kazi. Yudith, mke wa Rabi Hiyya, alijifungua mapacha kwa uchungu uliopita kiasi. Baadaye alibadilisha mavazi yake, akaenda mbele ya mumewe kama mtu asiyemfahamu, akamwuliza kama mwanamke ameamriwa kuzaa. Rabi Hiyya, akijibu kama mwanasheria, akasema hapana. Yudith akaondoka, akanywa dawa ya kukata uzazi. Habari zilipojulikana mume alisikitika, akatamani mkewe angemzalia walau mara moja zaidi, lakini hakumwambia kwamba ametenda dhambi. Kisa hiki hakikubaki hadithi tu. Kanuni ya kwamba mwanamke anaweza kunywa dawa ya namna hiyo, na mwanamume hawezi, imo katika Tosefta, mkusanyo mwingine wa kale, imo katika sheria za Maimonides, mwanasheria wa karne ya 12, na imo katika Shulhan Arukh ya Yosef Karo, kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1565 na kinachotegemewa na Wayahudi washika dini hadi leo. Lakini tuiangalie njia aliyopitia Yudith. Sheria ilikuwa upande wake, na aliyeijua sheria hiyo alikuwa akila naye chakula kila siku, hata hivyo ilimbidi ajifiche ndipo aulize. Alipokuja kama mtu wa nje alijibiwa kwa sheria. Kama mke hakuwa na hakika angejibiwa kwa nini. Tatizo hilo halikuwa la maandiko, na limewafuata wanawake wengi baada yake.

Chanzo cha pili ni mapokeo ya karne ya 2 yanayorudiwa mahali kadhaa katika Talmudi. Yanawataja wanawake watatu wanaotumia mokh, yaani pamba au sufu laini ya kuzuia mimba: binti aliyeolewa akiwa mdogo, mjamzito, na mama anayenyonyesha. Sababu ilikuwa hatari. Binti mdogo angeweza kufa kwa mimba, mjamzito alidhaniwa kwamba mimba ya pili ingemdhuru mtoto aliye tumboni, na mama anayenyonyesha angeweza kulazimika kumwachisha mtoto ziwa mapema na kumpoteza. Hayo ni maneno ya Rabi Meir. Wanazuoni wengine walimjibu kwamba wanawake hao waishi na waume zao kama kawaida, na Mbinguni watahurumiwa. Nusu ya mjadala wote uliofuata ilitokana na kifungu hicho kifupi. Katika karne ya 11, Rashi wa Troyes, Ufaransa, alifasiri kwamba Rabi Meir anawaruhusu wanawake hao watatu tu. Mjukuu wake, Rabbenu Tam, akafasiri kwamba anawataka watumie kinga, na kwa hiyo wanawake wengine hawakatazwi kuitumia wakitaka, maadamu haitangulii tendo lenyewe. Maimonides na Karo hawakukitia kifungu hicho katika vitabu vyao vya sheria, na ukimya wao uliwaachia marabi wa baadaye uwanja mpana wa kubishana. Solomon Luria, rabi wa Poland aliyefariki katika miaka ya 1570, alichukua upande mpana: aliona kinga ya aina hiyo haina ubaya, na akaandika kwamba mwanamke anayeteseka katika kuzaa kama mke wa Rabi Hiyya anaweza kufuata njia ya mke wa Rabi Hiyya.

Mpaka hapo tumezungumzia mwili. Akili iliingiaje? Iliingia kwa njia ya Sabato. Sheria ya Wayahudi inakataza kuwasha moto siku hiyo, na katazo hilo ni miongoni mwa makali kabisa, lakini linavunjwa kwa ajili ya mzazi, yaani mwanamke anayejifungua. Talmudi inaongeza jambo la ajabu: taa huwashwa kwa ajili ya mzazi hata akiwa kipofu. Mwanga haumsaidii kuona kitu. Unamtuliza, kwa sababu anajua kwamba wanaomhudumia wanaona, na kwamba likitokea la kutokea watajua la kufanya. Wafasiri wa Zama za Kati walieleza kwamba hofu inaweza kumhatarisha maisha, kwa hiyo kumtuliza ni kumwokoa. Hii ni kauli ya sheria, si ya ushauri nasaha: Sabato inavunjwa ili mama asiogope. Mishna inazungumzia pia mtu anayezima taa usiku wa Sabato kwa kuogopa pepo mbaya, na haimtii hatiani. Maimonides, aliyekuwa tabibu na aliyemaliza ufafanuzi wake wa Mishna akiwa Misri mwaka 1168, alieleza kwamba pepo huyo ni jina la magonjwa ya huzuni kuu, ambayo humfanya mgonjwa auchukie mwanga na kuwakimbia watu, na atulie akiwa peke yake gizani. Basi tangu karne ya 12 mwanasheria mkubwa kuliko wote alikwisha kuandika kwamba ugonjwa wa nafsi ni ugonjwa, na kwamba sheria inaupa haki za ugonjwa.

Kuna kifungu cha tatu, nacho kwangu ndicho kiini cha jambo lote. Siku ya Kipuri, yaani siku ya upatanisho, kila mtu mzima hufunga, lakini mgonjwa aliye hatarini hulishwa. Je, daktari akisema mgonjwa huyu hahitaji kula, na mgonjwa akasema nahitaji, asikilizwe nani? Talmudi inajibu kwamba asikilizwe mgonjwa, kwa hoja iliyochukuliwa katika kitabu cha Mithali kwamba hakuna anayeujua uchungu wa moyo kama mwenye moyo. Hata wataalamu wakiwa wengi, kauli ya mgonjwa haizimwi. Na mahali pale pale imewekwa kanuni kwamba shaka tu ya kifo inatosha kuivunja Sabato, haihitajiki hakika. Tukiviweka vifungu hivi pamoja, tuna kila kitu kinachohitajika kumjibu mama anayesema kwamba mimba nyingine itamrudisha katika giza alilotoka: hofu yake inahesabika kuwa hatari, maradhi yake ni maradhi, maneno yake ni ushahidi, na shaka yake inatosha.

Hata hivyo ilichukua muda mrefu kuviweka pamoja. Marabi huamua kesi kwa maswali na majibu ya maandishi, jinsi masheikh wa mwambao wetu wanavyotoa fatwa, na swali lisiloulizwa halina jibu. Katika karne ya 18, huko Yerusalemi, Rabi Israel Meir Mizrahi aliulizwa kuhusu mjamzito aliyehofiwa kurukwa akili, naye akaona kwamba hatari hiyo inaweza kuruhusu hata kuitoa mimba. Karibu karne mbili baadaye, nchini Hungaria, Rabi Mordechai Winkler aliandika kwa uwazi kwamba hatari ya akili iko sawa na hatari ya mwili. Kesi zote mbili zilihusu kutoa mimba, jambo zito mno katika sheria hiyo, na kama hatari ya akili ina nguvu ya kufika huko, basi ina nguvu zaidi pale ambapo mimba haijatungwa. Katikati ya wawili hao alisimama Moses Sofer wa Pressburg (1762–1839), adui mkubwa wa kila jipya katika dini. Alikuwa mgumu kuhusu mokh, na kuhusu dawa ya kukata uzazi alikumbusha kwamba tangu Rabbenu Gershom wa Mainz apige marufuku ndoa za wake wengi, miaka 1,000 hivi iliyopita, uamuzi wa mke unamgusa pia mume, ambaye hawezi tena kutimiza amri yake kwa mke mwingine. Lakini rabi huyo huyo mgumu aliandika kwamba mwanamke hapaswi kujibomoa ili kuijenga dunia. Aliyeyasema hayo hakuwa akitafuta urahisi.

Tiba nayo ilikuwa ikisogea upande wake. Mwaka 1858 daktari Louis-Victor Marcé alichapisha Paris kitabu kuhusu kichaa cha wajawazito, wazazi na wanaonyonyesha, na kwa mara ya kwanza magonjwa hayo yakapata uchunguzi mpana wa kitaalamu. Leo tunajua kwamba kichaa cha uzazi, ambacho humpata mama ghafla katika siku au wiki za kwanza, hutokea kwa mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, na kwamba aliyewahi kukipata yumo katika hatari kubwa ya kukipata tena akizaa tena. Sonona ya baada ya kujifungua ni ya kawaida zaidi: humpata takriban mama mmoja kati ya kila kumi, na penginepo wengi zaidi. Katika miaka ya 1880 Ujerumani ilitoa pia kifuniko cha mpira cha kuziba mlango wa kizazi, chombo ambacho marabi walikitambua mara moja kuwa ndugu wa mokh. Rabi Shalom Mordechai Schwadron (1835–1911) wa Galicia alikiruhusu panapokuwa na hatari. Uwanja ukawa tayari kwa swali ambalo lilikuwa limengoja muda mrefu.

Aliyelijibu kwa uzito kuliko wengine ni Rabi Moshe Feinstein (1895–1986), aliyezaliwa Belarusi, akafika New York mwaka 1937, na kwa nusu karne akawa mwamuzi aliyetegemewa zaidi na Wayahudi wa Orthodoksi wa Marekani. Feinstein hakuwa mtu wa kuruhusu uzazi wa mpango kiholela. Alisisitiza amri ya kuzaa na aliwataka wanandoa vijana wasiiahirishe bila sababu. Lakini katika juzuu ya majibu yake kuhusu sheria za ndoa, iliyochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliruhusu kifuniko kwa mwanamke aliye hatarini, na akaihesabu hatari ya kurukwa akili kuwa hatari ya uhai, kwa kuwa mtu aliyepoteza akili anaweza kujidhuru au kuwadhuru wengine. Hapo hoja zile za kale zilikutana katika karatasi moja. Hakuhitaji kuazima kanuni kutoka nje ya Talmudi wala kusema kwamba nyakati zimebadilika. Alihitaji kuamini tu kwamba daktari wa akili na mgonjwa wake wanasema kweli.

Wapo wanaopinga, na mapingamizi yao yanastahili majibu. La kwanza hutoka ndani ya kifungu chenyewe cha mokh: wanazuoni walimpinga Rabi Meir wakasema Mbinguni watawahurumia, na kwa kawaida hukumu hufuata wengi. Je, si imani haba kumkinga mama badala ya kumtegemea Mungu? Marabi waliojibu swali hili kwa karne nyingi walitofautisha hatari ya kila mtu na hatari ya mtu fulani. Wanazuoni walikuwa wakizungumzia aina za wanawake, na hatari ya mbali ambayo watu wamezoea kuishi nayo. Mwanamke aliyekwisha kuugua, ambaye daktari amemwona na historia yake inajulikana, hayumo katika kundi hilo. Kwake hata wanazuoni wale wangekubali kinga. Sheria isiyomruhusu mtu kutegemea muujiza hadi kufunga Siku ya Kipuri akiwa mahututi haiwezi kumtaka mama ategemee muujiza katika kushika mimba. Wengine husema: basi ajiepushe na mumewe. Jibu la sheria hapo ni la wazi kuliko wengi wanavyodhani. Torati inamwekea mume wajibu wa kukutana na mkewe, wajibu ulio mbali na ule wa kuzaa, na ndoa ya mwanamke tasa au mzee ina haki ile ile. Feinstein na wenzake waliiruhusu kinga kwa sababu waliona kuwatenganisha mume na mke wakati mmoja wao ni mgonjwa kungeongeza madhara.

Pingamizi la pili ni kwamba mguu uliovunjika unaonekana na akili iliyovunjika haionekani. Tukikubali maneno ya kila mtu, kila aliyechoka atajiita mgonjwa. Lakini njaa ya mgonjwa wa Siku ya Kipuri nayo haikuonekana, na Talmudi iliamua asadikiwe mwenye njaa. Tena sheria haina ruhusa moja ya jumla inayofunguka yote au kufungika yote. Ina ngazi. Mama ambaye maisha yake yako hatarini huruhusiwa njia zilizo ngumu zaidi. Mgonjwa asiye katika hatari ya kifo huruhusiwa nyepesi zaidi. Aliyechoka, ambaye amejifungua karibuni na anahitaji kupumua, huruhusiwa na marabi wengi wa leo kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto. Njia zenyewe zina ngazi pia. Vidonge, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960, havizuii mbegu kufika mahali pake, kwa hiyo viliwasumbua marabi kidogo kuliko kifuniko, na kifuniko kiliwasumbua kidogo kuliko kondomu, ambayo wengi huikataza karibu kabisa. Mfumo wenye ngazi nyingi hivyo hauna sababu ya kuogopa udanganyifu wa wachache. Na tukipima makosa mawili, kumruhusu mama aliyechoka tu apumzike mwaka mmoja, na kumkatalia aliyekuwa mgonjwa kweli, kosa la pili linaweza kuishia kaburini. Kanuni ya shaka ya uhai iliwekwa kwa ajili ya kuchagua kati ya makosa kama hayo.

Pingamizi la tatu ni la historia, nalo linatoka katika jeraha. Wayahudi milioni 6 waliuawa katika Ulaya iliyotawaliwa na Wanazi. Waliobaki walizaa kwa kasi: katika kambi za wakimbizi za Ujerumani, miaka ya 1946 na 1947, kiwango chao cha kuzaa kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mwaka 1949 David Ben-Gurion, waziri mkuu asiyekuwa mshika dini, alianzisha zawadi ya lira 100 kwa kila mama wa Israeli aliyejifungua mtoto wa kumi. Hata leo wastani wa watoto kwa mwanamke nchini humo ni karibu 3, na katika jamii za Haredi, yaani washika dini wakali zaidi, ni zaidi ya 6. Katika hali hiyo mama anayesema hawezi huhisi kwamba analiangusha taifa zima. Sidharau uzito wa hisia hiyo. Lakini wajibu wa kulijaza tena taifa, hata ukiwa mtukufu, haukupata kuandikwa popote katika sheria kuwa juu ya uhai wa mtu. Mambo yanayotangulia uhai ni matatu tu: ibada ya sanamu, kuua na zinaa iliyokatazwa. Kuzaa hakumo. Na mama aliyeangamia hajengi taifa. Huwaacha yatima wale aliokwisha kuwazaa.

Upo pia upande wa pili, wa wanaosema kwamba ninawavika watu wa kale fikra za leo, kwa kuwa hapakuwa na tiba ya akili zamani za Mishna. Ni kweli kwamba hawakujua homoni wala dawa za sonona. Hoja yangu haitegemei hilo. Hawakuhitaji kujua ubongo unafanyaje kazi ili waone kwamba mama kipofu anaogopa, na waamue kwamba hofu yake inatosha kuvunja Sabato. Tiba iliongeza majina, takwimu na dawa. Kanuni ilikuwa imekwisha kukaa mahali pake.

Palipobaki na kazi kubwa ni pale alipokwama Yudith: namna ya kuuliza. Katika jamii nyingi za washika dini, wanandoa hutarajiwa kumwuliza rabi kabla ya kutumia kinga, na rabi ni mwanamume, mara nyingi jirani, wakati mwingine rafiki wa baba mkwe. Ugonjwa wa akili huko hufichwa kwa sababu nyingine tena: ndoa hupangwa na wazee, na mgonjwa mmoja katika ukoo anaweza kuwaharibia wadogo zake posa. Tena uchaguzi wa njia si jambo dogo. Mwanamke anayetokwa damu hukaa mbali na mumewe mpaka damu ikatike na siku saba safi zipite, kisha aoge katika mikve, yaani birika la utakaso. Kitanzi cha homoni na vidonge vya aina fulani huleta matone ya damu kwa miezi, na hivyo kinga aliyopewa mama ili apumzike inaweza kumtenga na mumewe wiki baada ya wiki, wakati anapomhitaji sana. Utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2016, uliowafuatilia wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha pia uhusiano kati ya kinga za homoni na kuanza kutumia dawa za sonona, ingawa ongezeko kwa kila mwanamke lilikuwa dogo. Wapo pia wanaotumia valproate, dawa ya akili na kifafa inayoweza kumlemaza mtoto tumboni, ambao kwao kinga ni sehemu ya tiba. Maswali haya hayajibiki kwa ndiyo au hapana ya mlangoni. Yanahitaji mtu anayejua sheria, anayejua tiba, na ambaye mama hataona haya kumweleza.

Mwaka 1997 chuo cha Nishmat cha Yerusalemi, kilichoasisiwa na Chana Henkin, kilianza kuwafundisha wanawake sheria za usafi wa ndoa pamoja na elimu ya uzazi, kinga ya mimba na afya ya akili, na mwaka 1999 wakahitimu washauri wa kwanza. Hawakuchukua nafasi ya marabi. Kesi nzito huzipeleka kwao. Lakini waliwafungulia wanawake simu ya kuuliza bila kujitaja, na maswali ambayo hayakuwahi kumfikia rabi yeyote yakaanza kuja. Hapa historia ya Yerusalemi inagusana na ya Afrika Mashariki. Kipimo ambacho kliniki za mama na mtoto za Israeli, kama za nchi nyingine nyingi, hukitumia kutambua sonona ya uzazi ni kile cha Edinburgh cha mwaka 1987, na mwandishi wake mkuu, John Cox, aliwahi kuwachunguza wazazi nchini Uganda katika miaka ya 1970. Aliandika kuhusu amakiro, kichaa cha uzazi ambacho Waganda walikieleza kuwa matokeo ya uzinzi wa mama wakati wa mimba. Mama anayejua kwamba dalili zake zitasomwa kuwa ushahidi wa uzinzi hatasema neno, awe Kampala au Yerusalemi. Kipimo chenyewe kina maswali kumi tu, na hakichunguzi damu wala picha ya ubongo: kinamwuliza mama anajisikiaje, na swali la mwisho ni kama amefikiria kujidhuru. Kinasimama juu ya kanuni ile ile ya Siku ya Kipuri, kwamba mwenye maumivu ndiye shahidi wa kwanza.

Kwa hiyo wanaoihesabu ruhusa hii kuwa kushindwa kwa dini mbele ya usasa wanakosea, na wanaodhani kwamba inatosha kuionyesha vitabuni wanakosea vilevile. Kati ya Mishna na Nishmat hakuna wakati ambapo sheria ilikosa sababu za kumlinda mama anayeogopa kuipoteza akili yake. Waliokosekana ni wanawake waliojua kwamba sababu hizo ni zao, na wanaume waliokubali kwamba kuwasikia ni sehemu ya kuamua kwa haki. Jamii yoyote inayoongozwa na sheria ya dini, iwe ya Torati, ya Injili au ya Kurani, ina deni hilo hilo: kumwambia mama kuhusu ruhusa yake mapema, kwa sauti ya mtu anayemwamini, ili ajue pa kuuliza kabla ugonjwa haujamnyang'anya uwezo wa kuuliza.